Masanduku Matatu ya Halldis

Dada yangu Halldis hajawahi kuuamini mwezi wa Mei. Sisi wengine wa hori hili, mkono wa bahari katikati ya milima, tukiona jua siku mbili mfululizo tunatoa viti nje na kuchoma soseji. Yeye hutazama mlima, hunusa upepo, husema, "Subirini tu." Na mara nyingi, ingawa sitaki kumsifu sana maana haya atayasoma, husema kweli. Mei ya kwetu ina wazimu. Asubuhi unavua koti, adhuhuri unalitafuta, jioni unajuta kwa nini hukuzaliwa kondoo.

Amefanya kazi kiwanda cha samaki tangu usichana wake. Mikono yake ni mikubwa na myekundu, na nikimwambia inafaa kupigia kasia bila kasia hunirushia chochote kilicho karibu. Kushona alijifunza ukubwani, tena kwa sababu moja tu, na sababu hiyo jina lake ni Jorunn, binti yake wa pekee.

Jorunn alipofika umri wa kipaimara, wenzake wote walikuja kanisani na bunadi. Kwetu bunadi ndilo vazi la heshima: sketi nzito ya sufu yenye marinda, kizibao cha nakshi, shati jeupe, bizimu za fedha kifuani. Kila mkoa una yake, na mtu akisimama mbali unamjua ni wa wapi kabla hujaiona sura. Mwaka ule mume wa Halldis alikuwa mgonjwa kitandani na Halldis alikuwa na zamu mbili kiwandani. Alimwahidi mtoto kumshonea, msimu ukapita, akaishia kumwazimia bunadi ya mke wa mwalimu, mtu wa mkoa mwingine kabisa. Kanisani hakuna aliyesema neno. Nje, bibi mmoja akamshika Jorunn mkono, kwa upole wote wa dunia, akamuuliza, "Na wewe mwanangu, ni mgeni wa nani?"

Mgeni, kwenye kanisa alilobatiziwa.

Jorunn alipokua akahamia ng'ambo ya mlima, upande wa mashariki, akaolewa huko. Krismasi anapiga simu. Anauliza hali ya hewa, mama yake anamjibu hali ya hewa, wanakata.

Basi fikiria siku ile simu ilipolia vuli na aliyeongea akawa Eline, mjukuu. "Bibi, kipaimara changu kinakuja. Nataka bunadi ya kwenu, ya hori. Unishonee wewe." Kabla Halldis hajavuta pumzi, Jorunn akachukua simu.

"Mama, ukisema ndiyo, iwe ndiyo. Kama huwezi niambie leo, nikakodi mjini. Sitaki mtoto wangu asimame pale kama nilivyosimama mimi."

"Ndiyo," akasema Halldis.

Akashona. Kiwandani mchana, jioni sindano. Alifumua kizibao kizima kwa sababu ua moja liliangalia kushoto. Nilimwambia, "Dada, nani atakayeliona ua hilo? Na huko kanisani watoto huvalishwa kanzu nyeupe juu, watu wataona pindo tu." Akanijibu, "Jorunn ataliona." Nikamsogezea taa.

Ibada ilikuwa Jumapili. Mpango ulikuwa tuondoke Ijumaa, mimi nikiwa dereva, maana upande huu wa mlima hakuna anayeendesha kama mimi, ukibisha ulizia. Alhamisi jua likatoka, jua hasa, hata paka walilala chali. Bunadi haifuliwi, sufu hupigwa upepo itoe harufu ya dawa ya nondo. Halldis akaitandika sketi kwenye reli ya baraza ya nyuma, akainyoosha rinda kwa rinda, akaingia ndani kufunga mizigo.

Nilipofika nilimkuta katikati ya masanduku matatu, nywele zimesimama.

"Hili la baridi," akasema. "Hili la mvua. Na hili la joto, Mungu akitaka kutufurahisha."

"Tunakwenda siku mbili, dada. Siyo uhamisho."

"Redio inasema jua mashariki. Gazeti linasema theluji mlimani. Sigrun wa dukani goti lake linamuuma, maana yake mvua. Nimwamini nani?"

"Goti."

Hakucheka. Koti lake la kanisani, lile jeusi zuri, alikuwa amelitia kwenye sanduku la baridi. Akalitoa, akalihamishia kwenye la mvua, maana mvua ikinyesha atalihitaji kanisani. Akasita. Akatoa sweta la sufu kwenye la baridi, akalitia la joto, maana hata kwenye joto jioni huwa na ubaridi. Halafu akalirudisha. Viatu vyeusi vilizunguka vyumba vyote vya nyumba ile. Alikuwa akifungua hili, akifunga lile, akizungumza na soksi.

"Nikivaa vibaya ataniona," akasema. "Nikichelewa ataniona. Nikikohoa ataniona, Kolbein. Nipate kukosea wapi?"

"Kaa chini, nikupikie kahawa."

Ndipo tuliposikia paa. Kwanza kama mtu anamwaga dengu, kisha kama anamwaga mawe. Jua bado lilikuwa dirishani, la manjano kabisa, na mvua ya mawe inashuka ndani yake. Tukatazamana. Kikombe kikaanguka. Sijawahi kumwona Halldis akikimbia. Alipita mlango wa nyuma kama ng'ombe anayetolewa zizini baada ya majira ya baridi.

Tuliiingiza ndani ikichuruzika. Sketi ya sufu ya bunadi ina kitambaa cha kutosha hema. Ikinywa maji ni kama kumbeba mlevi. Marinda yalikuwa yamelegea. Halldis alipiga magoti sakafuni, akayakamata moja moja kwa vidole vyake vyekundu akiyarudisha kwenye mstari, na machozi yakidondokea humo humo kwenye maji mengine.

"Iweke karibu na jiko," nikasema.

"Ukiiweka karibu na jiko itajikunja hata mwanasesere isimtoshe! Wewe unajua nini?"

Ni kweli, mimi shule niliacha nilipoona inatosha, na somo la sufu walikuwa hawajalifikia. Ijumaa nzima sketi ililala juu ya taulo. Anabadili taulo, anabonyeza, anabadili. Nje theluji maji, nusu mvua nusu theluji, hewa yenyewe imelowa, kitu kitakaukaje? Jumamosi asubuhi ilikuwa bado mbichi, na safari haingoji tena.

"Italala kiti cha nyuma," akaamua. "Yote, imenyooshwa. Utawasha hita, tufungue dirisha kidogo unyevu utoke."

"Na masanduku?"

Buti la gari lilikuwa limejaa. Keki ya mnara, ile ya pete za lozi, ilikuwa kwenye boksi lake kama mfalme. Pembeni yake lefse, chapati zetu za viazi, na paja zima la kondoo lililokaushwa. Huwezi kwenda kwenye kipaimara mikono mitupu, bora usiende. Shati, kizibao na bizimu vilikuwa kwenye kisanduku atakachokipakata. Ilibaki nafasi miguuni pake, ya sanduku moja.

"La baridi," akasema. "Lile la katikati."

"Una hakika ndilo?"

"Nimelifunga kwa mikono yangu, Kolbein! Lete!"

Nikaleta la katikati. Niliambiwa la katikati.

Kupanda mlima tulikuwa tukisafiri ndani ya sufuria. Hita imefunguliwa mwisho, harufu ya kondoo aliyelowa, vioo vinatoa jasho, na kwenye dirisha la nyuma upepo unaingia kama kisu. Kila nilipokata kona Halldis aligeuka nyuma kutazama marinda. "Taratibu!" Nikienda taratibu: "Tutachelewa!" Matairi yangu yalikuwa bado ya majira ya baridi, yale ya kushika barafu. Kijiji kizima kilikuwa kimeshabadili na walinicheka tangu Pasaka. Nayataja tu hapa, sijisifu.

Juu, theluji. Siyo ya mchezo. Ya kusukumwa na upepo, ikikatiza barabara kwa ubavu. Kizuizi kilikuwa kimeshuka, magari yamepanga foleni nyuma ya gari la kukwangua theluji, yakisubiri kuvushwa kwa msafara. Mfanyakazi wa idara ya barabara, mwanamke, alikuwa akipita dirisha kwa dirisha, mpana, mwekundu wa mashavu, ndani ya ovaroli ya rangi ya machungwa yenye mistari inayong'aa. Jina lake Magnhild.

"Mafuta?"

"Tangi limejaa," nikasema. "Na matairi, tafadhali tazama matairi."

"Nimeyaona, mzee, hongera. Nguo za joto? Gari likikwama katikati mnaweza kukaa humo muda mrefu. Asiye na nguo simruhusu."

"Zipo!" akasema Halldis, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi uso wake ulifunguka. Akaliinua sanduku, akaliweka mapajani, akafyatua kufuli.

Nilitamani ardhi inimeze, na mimi sikuwa na kosa. Kulikuwa na gauni la maua lisilo na mikono. Kulikuwa na ndala za ngozi, kofia ya ukindu, miwani ya jua na chupa ya mafuta ya kujipaka usiungue. Chini kabisa, soksi moja ya sufu. Akachimba. Akapata ya pili.

Magnhild akatazama theluji, akatazama kofia. "Mama, unakwenda ufukwe gani?"

"Nilihamisha," akasema Halldis polepole. "Nililihamisha koti. Halafu sweta nikalirudisha... Kolbein, nilirudisha wapi?"

Mimi nilikuwa na koti moja, liko mwilini. Nikalitoa, nikampa. Magnhild akatikisa kichwa: sasa ni mimi nisiye na nguo. Sheria ni sheria. Msafara ukawaka taa, ukaanza kusogea, na sisi tukaamriwa kando.

Halldis akafungua mlango. Nilidhani anakwenda kuomba. Akaenda kusimama mbele ya gari la theluji, kwenye matope ya barafu, na suruali yake nyembamba ya safari, kichwa wazi.

"Basi nikanyageni!" akapiga kelele. "Nikanyageni, halafu mumpelekee mtoto sketi! Imelala kiti cha nyuma! Mimi acheni!"

Dereva akapiga honi. Magnhild akamshika mabega, na dada yangu, mwanamke anayebeba kreti za samaki mbili mbili, akakunjika hadi magotini humo kwenye tope. Nikashuka kumwinua.

Msafara uliondoka bila sisi. Upepo ukazidi, wakatangaza mwingine utakuwa alfajiri. Magnhild akatuingiza kwenye kibanda chao, akamvua Halldis suruali iliyolowa kama anavyovuliwa mtoto, akambakiza na nguo zake ndefu za ndani za sufu, akamvika ovaroli yake ya akiba. "Sasa una nguo za joto kisheria," akasema. "Utairudisha kwa posta." Miguuni soksi mbili za sufu, juu yake ndala. Viatu vilikuwa maji.

Halldis akampigia Jorunn. Kibanda kilikuwa kidogo, simu ina sauti, sikusikiliza lakini nilisikia.

"Jorunn, mwanangu. Tumekwama juu. Barabara imefungwa. Tutafika asubuhi, nakuapia..."

"Nimekodi, Mama."

"Umefanya nini?"

"Nimekodi bunadi. Tangu Jumatatu. Iko hapa, imepigwa pasi. Usijisumbue kukimbia, barabara ni mbaya."

Ikakatwa. Hakukasirika hata kidogo, na bora angekasirika. Halldis akairudisha simu mfukoni mwa ovaroli, akakosa mfuko, ikaanguka. Akasema, "Alijua. Tangu Jumatatu alijua nitakuwa mimi yule yule."

Nikamwambia tugeuze basi, twende nyumbani tukale keki. Nilisema kumchokoza, ainuke anirushie kitu. Hakurusha. Alitoka akaenda garini kuyanyoosha marinda.

Alfajiri tukavushwa. Jinsi nilivyoushuka mlima ule ni habari ya peke yake na siku moja mtanisikia nikiisimulia ipasavyo. Itoshe kusema kwamba kengele za kanisa zilikuwa zikilia tulipoegesha, na theluji maji inashuka.

"Peleka wewe," akasema Halldis.

"Twende wote."

"Nitazame." Nikamtazama. Rangi ya machungwa kutoka shingoni hadi kwenye vifundo, mistari ya kung'aa magotini, ndala. "Nikivua nina nguo za ndani. Nikibadili nina gauni la ufukweni. Mle ndani kila mtu amevaa bunadi, Kolbein. Nimeshamwaibisha mara moja. Nenda."

Nikaibeba sketi mikononi kama maiti, kisanduku cha kizibao kwapani, nikaingia chumba cha mchungaji. Wasichana walikuwa wakivalishwa kanzu. Eline alikuwa tayari na bunadi ya kukodi, ya mashariki, nzuri, kavu, kila kitu mahali pake. Aliponiona alianza kufungua vifungo.

"Eline, acha," akasema Jorunn. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa ya huko huko. "Mjomba, shikamoo. Hiyo ni mbichi."

"Pindoni tu," nikasema.

"Mtoto ataugua."

"Sufu ni sufu, Mama," akasema Eline, kichwa kikiwa ndani ya sketi. Kikatokeza. "Lo! Inanuka zizi. Lakini ina joto kuliko ile. Bibi yuko wapi?"

"Garini. Hana nguo."

"Hana nguo?"

"Anazo, ila... hana nguo."

Jorunn hakuniuliza. Alikuwa amepiga magoti anamfunga mtoto kizibao, na nikaona mkono wake umesimama. Kidole kilikuwa juu ya ua, lile lililofumuliwa, likashonwa tena. Kisha akasema, "Kanzu, Eline, haraka," na sauti ilikuwa ile ile ya simu.

Nikaketi benchi la mbele, karibu na Jorunn. Niliimba vizuri, na walio nyuma yangu waligeuka kuona ni nani. Kisha ikafika saa ya majina. Huku, mtoto akiitwa na kupiga magoti aombewe, watu wake wanasimama popote walipo kanisani, hata awe mgonjwa wa miguu anashikwa. Ndiyo kumsindikiza. Asiyesimama si wako.

Likaitwa jina la Eline. Jorunn akasimama, mumewe akasimama, mimi nikasimama kwa kishindo. Na huko nyuma kabisa, karibu na mlango, tukasikia shwaa, shwaa, sauti ya ovaroli mtu anapoinuka. Sijui aliingia lini.

Vichwa viligeuka benchi baada ya benchi, kama majani yanapopitiwa na upepo. Ndani ya weusi na uwekundu wa bunadi zote zile alisimama Halldis peke yake, rangi ya machungwa, mistari ikirudisha mwanga wa mishumaa. Mikono yake ameibana ubavuni. Alikuwa akitetemeka hata mistari inacheza. Lakini hakukaa.

Jorunn aligeuka. Mchungaji akaomba, mkono juu ya kichwa cha mtoto, na Jorunn aliyesubiri siku hii kuliko wote aliipa madhabahu mgongo, anamtazama mama yake mpaka amina. Hakutabasamu. Alitazama tu.

Nje, kanzu zikavuliwa na watu wakajipanga ngazini kwa picha. Marinda ya Eline upande wa kulia yalikuwa yamekaa kama yanavyotakiwa. Ya kushoto yalikuwa na mawazo yao. Halldis alisimama kule mbali kwenye magari. Mpiga picha, kijana wa mjini, akapunga mkono: "Mama wa idara ya barabara! Tafadhali sogea, unaonekana kwenye picha."

Halldis akasogea upesi, karibu aanguke na ndala zake.

"Huyo ni mama yangu," akasema Jorunn.

Kijana akacheka, akidhani ni utani.

"Nimesema ni mama yangu. Subiri. Mama! Njoo hapa."

"Nitaharibu picha, Jorunn."

"Ilishaharibika, Mjomba yumo. Njoo kabla sijabadili mawazo."

Akaja. Wakamweka kati ya Eline na Jorunn. Hawakukumbatiana, sisi si watu wa hivyo, Jorunn aliivuta tu kola ya ovaroli ikae sawa, kama mtu anayemtayarisha mtoto kwenda shule, akasema bila kumtazama, "Soksi na ndala, Mama. Mbele ya mchungaji mzima."

Picha hiyo iko jikoni kwa Halldis. Kwa sababu ya wingu kijana alitumia mwako wa kamera, na ile mistari ikauchukua mwako wote. Wote tunaonekana, mimi hasa nimetoka vizuri, lakini pale katikati ni mwanga mtupu wenye mikono miwili mikubwa myekundu. Nikipita namwambia alifunikwa na utukufu. Ananirushia kitambaa cha vyombo.

Ovaroli aliifua, akairudisha kwa posta pamoja na lefse. Simu ya Krismasi ilikuja kama kawaida, wakaulizana hali ya hewa. Kisha mwezi wa pili ikalia tena, bila sikukuu yoyote. Eline amerefuka, pindo linahitaji kushushwa kabla ya sherehe za taifa za Mei, bunadi zinapovaliwa tena.

"Naweza kumpa fundi wa hapa," akasema Jorunn.

Nilikuwepo, Halldis alikuwa ameushika waya wa simu kama kamba ya mashua.

"Au uje mwenyewe," akasema Jorunn. "Ukae wiki. Na Mama, safari hii njoo na nguo."

Bado ilikuwa Februari. Nilipotoka mlangoni nilijikwaa: alikuwa ameshayatoa masanduku yote matatu, na ameketi sakafuni mbele yake, hajui aanze na lipi.